Barua ya wazi: Zimeni antena kabla fundi hajapanda

KWA: Wamiliki wa minara na mitambo ya kurushia matangazo, wakuu wa kampuni za simu, wenye majengo yaliyofungwa antena juu ya paa, na wakuu wa mamlaka zinazosimamia mawasiliano na usalama mahali pa kazi.

YAH: WAFANYAKAZI KUFANYISHWA KAZI MBELE YA ANTENA ZINAZORUSHA MAWIMBI YENYE NGUVU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa minara. Kwa miaka 14 nimekuwa nikipanda kufunga antena, kubadilisha nyaya, kunyoosha madishi na kupaka rangi vyuma ambavyo wengi wenu mmeviona kwenye picha tu. Sikupenda kuwaandikia hadharani. Nilianza ndani, kama inavyotakiwa. Nilimwandikia msimamizi wangu, hakujibu. Nikamwandikia mkuu wa usalama wa kampuni iliyotupa kazi, akanipigia simu na kuniambia "tunalishughulikia". Nikamwandikia mwenye mnara. Yeye alinirudishia fomu ya kusaini kwamba ninazielewa hatari za kazi yangu na ninazikubali. Fomu hiyo sikuisaini. Naandika barua hii badala yake.

Niwaeleze siku yenyewe ilivyokuwa. Mnara ulikuwa wa kushirikiana. Juu kabisa lipo dishi la kampuni ya simu, na chini yake zimepangwa antena za kituo cha redio cha FM. Ukitaka kulifikia dishi huna njia nyingine, lazima upite katikati ya antena za redio, mwili mzima. Tuliambiwa kwa simu kwamba kituo kingezima mtambo kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi. Saa tatu na dakika tano tukapewa ruhusa. Nilimtanguliza kijana ninayemfundisha kazi, mimi nikamfuata.

Tulipofika usawa wa antena ya kwanza nikaanza kusikia joto kwenye vifundo vya miguu. Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa mgongoni. Hili lilitoka ndani, kama vile mfupa wenyewe umesogezwa kwenye moto huku ngozi ya juu ikiwa ya kawaida. Kisha likaja kwenye vifundo vya mikono. Nikamwita kijana asimame. Yeye alikuwa amenyoosha mkono ashike waya wa kuvutia mizigo uliokuwa ukining'inia, na kabla hajaushika barabara cheche iliruka kwenye ncha ya kidole chake cha shahada. Akapiga kelele moja, akauachia mnara mikono yote miwili. Kilichomzuia asianguke ni mkanda.

Tulishuka bila kusemezana. Kwenye kile kidole palikuwa na alama nyeupe, ndogo kama kichwa cha kiberiti, iliyozama ndani bila lengelenge. Majeraha ya mawimbi ndivyo yalivyo: juu unaona kitu kidogo, ndani nyama imeungua mbali zaidi. Kidonda kile kilichukua wiki saba kupona.

Pale getini tulimkuta mlinzi amekaa na redio yake ndogo. Kituo kilekile kilikuwa hewani, mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji. Mtambo haukuwa umezimwa hata dakika moja.

Baada ya hayo, yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Mwili hauna kengele ya kuaminika.

Mawimbi ya redio si kama mionzi ya eksirei. Hayana uwezo wa kuvunja atomu za mwili. Kinachofanyika ni kupasha joto. Molekuli za maji yaliyo mwilini hugeuzwageuzwa mamilioni au mabilioni ya mara kwa sekunde, na msuguano huo huwa joto. Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1945, pale Percy Spencer, mhandisi wa Raytheon nchini Marekani, alipokuwa karibu na kifaa cha rada kinachofanya kazi akagundua kwamba chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Kutokana na hilo tukapata oveni ya maikrowevu. Nawaomba mwitazame vizuri oveni hiyo. Imefungwa kwa chuma pande zote, mlango wake una wavu wa chuma ndani ya kioo, na mlango ukifunguliwa kidogo tu, umeme unakatika hapohapo. Hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kuuza oveni inayoendelea kuwaka mlango ukiwa wazi, kisha kimpe mnunuzi fomu ya kusaini.

Mnasema fundi akisikia joto atasogea. Si kweli, na hapa ndipo watu wanapoumia. Vihisi vya joto viko kwenye ngozi. Mawimbi ya antena za simu na ya FM huingia ndani zaidi ya ngozi, na mtu anaweza kupashwa joto kwenye misuli kabla ngozi haijamwambia kitu. Jicho ndilo linalonitisha kuliko vyote. Lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuchukua joto na kulipeleka kwingine. Likizidi, lenzi hupata ukungu, yaani mtoto wa jicho, na ukungu huo hauna dawa isipokuwa upasuaji. Korodani nazo ni dhaifu mbele ya joto, na uzazi wa mwanamume unaweza kusimama kwa muda.

Sasa turudi kwenye vifundo vyangu. Mwili wa mtu mzima aliyesimama una urefu unaolingana na mawimbi ya redio za FM na jirani zake kiasi kwamba unayanasa kama vile wenyewe ni antena. Mkondo unaopita mwilini ukifika kwenye kifundo cha mguu, penye nyama chache, unabanwa, na unapobanwa ndipo panapopata moto. Viwango vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, vilivyohuishwa mwaka 2020, ni vikali zaidi kati ya megahezi 30 na 400 kwa sababu hiyo: wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa mfanyakazi, na wati 2 kwa mtu wa kawaida. Mtambo wa FM unaweza kurusha wati elfu kadhaa, nasi tulikuwa tumeushika.

2. Kuzima antena kumeachwa kwa neno la mdomo.

Fundi umeme anayeingia kwenye mashine kubwa hufunga swichi kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni mwake, na kwenye kufuli anatundika kibandiko chenye jina lake. Mpaka atoke hakuna wa kuiwasha. Kwetu sisi ni simu. Mtu asiyeuona mnara anamwambia mwingine asiyeuona mnara kwamba "kimezimwa", na maneno hayo yanapita kwa watu watatu wanne kabla ya kunifikia nikiwa nimeshavaa mkanda. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia. Siku ile, nilivyokuja kuelezwa baadaye, aliyetakiwa kuzima alibadilishana zamu na mwenzake na hakumwachia ujumbe.

Hali ni mbaya zaidi kwenye minara ya redio za masafa ya kati, zile za AM. Kule mnara wenyewe ndio antena. Umesimama juu ya kauri ya kuzuia umeme, na chuma chote kuanzia chini hadi kileleni kina nguvu. Aliyesimama ardhini akiugusa anaungua. Hata kreni inayofanya kazi jirani na mnara kama huo hunasa mawimbi, na anayepokea ndoano yake chini anaweza kupigwa na cheche ambayo hajui imetoka wapi.

Na kuzima upande mmoja hakutoshi. Juu ya mnara mmoja siku hizi kuna kampuni tatu, nne, kila moja na antena zake. Nimewahi kuzimiwa antena ninayoifanyia kazi huku ile iliyo mgongoni mwangu, ya kampuni nyingine, inaendelea. Kila mwenye antena alikuwa ametimiza wajibu wake kwenye karatasi.

3. Wapo wanaofika mbele ya antena bila kujua kwamba ni antena.

Mimi angalau najua ninapoingia. Fikirini mpaka rangi, fundi wa viyoyozi, fundi bomba aliyepanda kukagua tangi la maji, mtu anayeziba paa linalovuja. Antena za simu zilizo juu ya majengo mara nyingi hufunikwa kwa plastiki ngumu na kupakwa rangi ya ukuta, au hufanywa zionekane kama bomba la moshi, ili jengo lipendeze. Mawimbi hupita kwenye kifuniko hicho kama hakipo. Mpaka rangi anaegemeza ngazi palepale, anasimama nusu mita kutoka kwenye uso wa antena, na anapiga brashi taratibu kwa sababu kazi ya rangi haitaki haraka.

Viwango vya mfanyakazi viliwekwa kwa mtu mzima aliyefundishwa, anayejua hatari na namna ya kujikinga. Kwa mwili mzima, nguvu inayoingia mwilini isizidi wati 0.4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, sehemu ya kumi ya wati 4 ambazo ndizo zinazokaribia kupandisha joto la ndani ya mwili kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Asiyefundishwa anahesabiwa ni mtu wa kawaida, na kiwango chake ni wati 0.08. Fundi mjamzito naye anawekwa kwenye kundi hilo kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mpaka rangi yule ana haki ya kinga mara tano ya yangu, na kwa kweli hana yoyote. Bango la tahadhari lipo, lakini limebandikwa kwenye mlango wa kutokea paa, na mlango huo umeegeshwa kwa tofali siku nzima ili mafundi wapite. Aliyepita hapo amegeukia mlango mgongo.

4. Hakuna anayeandika.

Kampuni inampa kazi mkandarasi, mkandarasi anampa mwingine, na huyo ananiita mimi kwa siku mbili. Nikiungua, ni jeraha la nani? Kidole cha yule kijana hakimo kwenye daftari la mtu yeyote. Halafu mnasema hamjawahi kupokea taarifa za watu kuumia.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo niyaseme mapema.

Mtasema vipimo vinaonyesha kwamba minara ni salama. Nakubali, kwa anayeishi chini yake. Antena ya simu hurusha mawimbi yake mbele, kama mwanga wa tochi uliolazwa, na anayekaa chini ya mnara au ghorofa ya chini ya paa hupata sehemu ndogo sana ya kiwango kinachoruhusiwa. Nimewaeleza hivyo majirani wengi walionifuata kwa hofu. Mwaka 2020 nchini Uingereza watu walichoma minara wakiamini kwamba 5G inaleta korona. Ulikuwa uzushi, na mafundi wenzangu walitukanwa na kutishwa barabarani kwa ajili yake. Jambo linaloniuma ni kwamba kelele zile zimewapa kisingizio kizuri: kila anayetaja mionzi anawekwa kapu moja na wachoma minara. Mimi siwaulizi kuhusu mita 200 kutoka kwenye antena. Nawauliza kuhusu nusu mita.

Mtasema pia habari za saratani hazijathibitishwa, na kwamba hilo ndilo watu wanalolihofia. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka 2018 watafiti wa serikali ya Marekani walitoa matokeo ya panya waliowekwa kwenye mawimbi makali saa 9 kila siku kwa miaka 2, na madume walionekana kuwa na uvimbe wa moyo. Mwaka 2024 mapitio yaliyoombwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Nimeyasoma yote, na sijengi hoja yangu juu ya saratani. Wanasayansi waachwe wamalize kazi yao. Kuungua, mtoto wa jicho, cheche inayomwachisha mtu mnara akiwa angani: haya hayasubiri utafiti mwingine. Kinga yake inajulikana na imeandikwa. Umoja wa Ulaya uliweka agizo mwaka 2013 linalomtaka mwajiri apime, azuie na awafundishe wafanyakazi wake, na nchi wanachama zikapewa hadi Julai 2016 kuliingiza kwenye sheria zao.

Mtasema mafundi wamepewa vipimo vya kuvaa kifuani vinavyolia. Siku ile kikosi chetu kilikuwa na kimoja, na kilikuwa ofisini kinasubiri betri. Hata kingekuwepo, kipimo hicho hukwambia umeshaingia pabaya. Hakimzimii mtu antena. Tena kila aina ina masafa yake. Kinachosoma antena za simu vizuri kinaweza kisisome kabisa mnara wa AM, na kimya chake kikamdanganya fundi.

Na mtasema kuzima ni hasara. Hapa nawaelewa, maana kituo kisiposikika simu zinaanza kupigwa. Lakini kazi ya saa moja inaweza kupangwa usiku wa manane. Nguvu ya mtambo inaweza kupunguzwa hadi kiwango salama badala ya kuzimwa kabisa. Kituo chenye antena ya akiba kinaweza kuhamia huko. Antena ya simu ina pande zake, na mnaweza kuzima upande mmoja tu huku mingine ikiendelea kuhudumia wateja. Mnayajua haya kuliko mimi, maana mnapobadilisha vifaa vyenu wenyewe mnazima bila kuombwa.

Kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

Kwanza, asipande mtu yeyote mpaka mtambo uwe umezimwa au kupunguzwa nguvu kwa kufuli, na ufunguo uwe mkononi mwa kiongozi wa kikosi kilichopo mnarani. Antena inayoendeshwa kutoka mbali iwe na swichi ya kukatia palepale chini ya mnara. Mlango wa oveni unaweza. Mnara hauwezi kushindwa.

Pili, kabla ya kupanda kipimo kisomwe mbele ya kikosi kizima, na kila anayepanda awe na kipimo chake kinachofaa masafa ya mnara huo, chenye betri.

Tatu, mnara wa kushirikiana uwe na mratibu mmoja mwenye orodha ya antena zote na mamlaka ya kuzizima zote. Asiwe mtu wa kupokea simu tu.

Nne, kwenye paa, mstari wa rangi uchorwe sakafuni kuonyesha mwisho wa eneo salama mbele ya kila antena, ikiwemo iliyofichwa, na bango liwe kwenye antena yenyewe. Mwenye jengo asimruhusu fundi wa kazi yoyote kupanda kabla hajaonyeshwa mstari huo na kuelezwa maana yake kwa lugha anayoielewa. Aulizwe pia kama ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au chuma kilichowekwa mwilini.

Tano, aliyeingia kwenye mawimbi makali apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, macho yake yapimwe na yapimwe tena baadaye, na tukio liandikwe kwa jina la mwenye antena, hata kama fundi ameajiriwa na mkandarasi wa tatu. Mamlaka mnaosimamia usalama kazini mpokee taarifa hizo moja kwa moja kutoka kwa fundi, bila kupitia kwa mwajiri wake.

Sita, viwanda visisahauliwe. Wapo wanaounganisha plastiki kwa mashine za megahezi 27.12, mikono yao ikiwa karibu na bamba zinazopasha joto kwa mawimbi, zamu nzima, na kinga ya chuma imeondolewa kwa sababu inachelewesha kazi. Hao hawana hata mnara wa kuonyesha.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Ratiba imeshatoka, na mwezi ujao tumepangiwa kurudi kwenye mnara uleule, mimi na yule kijana, kumalizia dishi tuliloliacha. Saa ya kuzima imeandikwa. Sehemu ya jina la atakayekuwa na ufunguo iko wazi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa minara